Sadaka Haifuti Deni

Novemba 18, 2024, Askofu Mkuu wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi, Philip Anyolo, alitoa taarifa iliyozungumzwa nchi nzima: fedha ambazo Rais William Ruto alikuwa ametoa siku moja kabla katika Kanisa Katoliki la Soweto, Kayole, zirudishwe. Zilikuwa Sh2.6 milioni, za kwaya, za watoto wa parokia na za ujenzi wa nyumba ya mapadri. Sh3 milioni nyingine zilizoahidiwa zikakataliwa, na basi la parokia likakataliwa pamoja nazo. Gavana wa Nairobi naye akarudishiwa Sh200,000 zake.

Uamuzi ule ulikuwa sahihi. Askofu hakutaka madhabahu igeuzwe jukwaa la kampeni, na alisema hivyo bila kuzunguka. Lakini ubishi uliofuata uliishia kwenye kipaza sauti: mwanasiasa apewe nafasi ya kusalimia waumini au asipewe, fedha zake ni safi au zina doa, na aliyezirudisha ni shujaa au ni mpinzani aliyevaa joho. Swali moja halikupata wa kuliuliza kwa sauti. Katika hesabu ile yote, fungu la maskini lilikuwa wapi?

Kayole ni mtaa wa vyumba vya kupanga. Wengi wa wakazi wake hutoka alfajiri kutafuta kibarua na hurudi na unga wa siku hiyo tu, na siku nyingine hurudi mikono mitupu. Katika zawadi ile kwaya ilikuwa na chake, padri chake na parokia chake. Mama anayeuza mboga nje ya lango hakuwa na chake. Hatusemi padri alale nje au kwaya iimbe bila sare. Tunasema kwamba hata kama fedha zile zingepokelewa zote, na hata kama zingetoka kwa mtu asiye na tamaa yoyote ya kura, bado wajibu wa tajiri kwa maskini usingekuwa umeguswa.

Kulipatia kanisa si sawa na kumpatia maskini. Na kumpatia maskini si hatua ya kwanza. Tajiri Mkristo huanza kwa kulipa kile anachodaiwa na maskini. Akishalipa, hapo ndipo anaweza kusema ametoa.

Kila mtoto wa shule ya Jumapili anamjua Zakayo kwa ufupi wake na kwa mti wa mkuyu alioupanda. Watu wazima wangefaa kumjua kwa hesabu zake. Zakayo alikuwa mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko, mtu tajiri, na alimkaribisha Yesu nyumbani kwa furaha. Injili ya Luka haisemi kwamba karamu ndiyo iliyomletea wokovu. Neno la wokovu lilitamkwa baada ya mwenye nyumba kusimama na kueleza atakavyofanya na mali yake: nusu kwa maskini, na kila aliyedhulumiwa kulipwa mara nne. Mafungu mawili, na hayakuchanganywa. Zakayo hakusema kwamba ile nusu iwatoshe wote, maskini na waliodhulumiwa pamoja. Wala hakumshikisha mgeni wake bahasha.

Hesabu hiyo haisomwi sana siku za harambee. Siku hizo husomwa habari ya mjane aliyetia senti mbili katika sanduku la hekalu, na waumini huambiwa wamwige. Anayesoma hupenda kuanzia pale mjane anapotokea. Angerudi nyuma mistari michache tu katika sura ileile ya 12 ya Marko, angemkuta Yesu akiwashutumu viongozi wa dini wenye kupenda viti vya mbele, wanaosali sala ndefu huku wakiwanyang'anya wajane nyumba zao. Kisha ndipo mjane anaingia na kutoa alichobakiza. Ukisoma sehemu zote mbili, unaona kwamba swali halikuwa tu moyo wa mjane huyo. Kulikuwa pia na swali la nani aliyemwacha na senti mbili.

Miezi minne haikupita baada ya tukio la Soweto kabla ya jingine kubwa zaidi. Machi 2025, Rais alitangaza Sh20 milioni kwa kanisa moja la Roysambu, Nairobi, na vijana wakaandamana. Mengi yalisemwa kuhusu siku hiyo na hatutayarudia. Tupige hesabu moja tu. Agizo la mishahara lililoanza kutumika Novemba 1, 2024 lilimwekea mfanyakazi wa nyumbani jijini Nairobi kima cha chini cha Sh16,113 na senti kadhaa kwa mwezi. Ili kupata Sh20 milioni, mfanyakazi huyo angetakiwa kufanya kazi zaidi ya miaka 100 bila kula, bila kulipa kodi ya nyumba na bila kutuma hata shilingi moja kwa mama yake kijijini. Na hapo tumechukulia kwamba analipwa kima hicho, jambo ambalo wasomaji wetu wengi wanajua si kweli, kwa sababu wao ndio wanaomlipa.

Hapo ndipo tunapotaka kufika. Ni rahisi kumsema mwanasiasa. Ana msafara, ana walinzi, na fedha zake huhesabiwa mbele ya kamera. Lakini tajiri wa Kikristo tunayemzungumzia mara nyingi hana king'ora. Ni meneja wa benki ambaye ni mzee wa kanisa. Ni mkurugenzi wa shule ya kibinafsi anayesimamia kamati ya ujenzi, ni mwenye ploti tatu Githurai ambaye mke wake ni mwenyekiti wa Umoja wa Akina Mama. Watu wa heshima, wanaotoa zaka kila mwezi, wengi wao wema. Nyumba zao ndizo zinazotakiwa kuchunguzwa kwanza.

Jumapili asubuhi familia hiyo inaingia garini kwenda ibadani. Yaya anabaki na mtoto mdogo mwenye mafua, na nyama iko jikoni inangoja kuchemshwa kwa ajili ya wageni wa mchana. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa kila mfanyakazi walau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Amri Kumi zilikwisha kumpa siku hiyo zamani sana, na zilitaja mtumishi wa kike kwa jina la kazi yake ili bwana asijifanye hakuelewa. Yaya huyu naye ni Mkristo, amebatizwa, ana kanisa lake. Haendi kwa sababu waajiri wake wameenda.

Mwisho wa mwezi anaambiwa asubiri kidogo, mambo ni magumu. Huenda ni kweli. Lakini Jumapili hiyohiyo bahasha ya mchango wa jengo jipya ilijazwa, na jina la mwajiri likasomwa. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inaagiza kibarua alipwe siku ileile kabla jua halijatua, kwa sababu ni maskini na moyo wake unautazamia ujira huo. Yakobo katika sura ya 5 ya waraka wake anawaambia matajiri kwamba ujira waliouzuia unapiga kelele, na kelele hizo zimemfikia Mungu. Hakuna mahali katika maandiko hayo panaposemwa kwamba ujira uliozuiwa ukipelekwa madhabahuni unageuka kuwa sadaka. Ni mali ya mtu mwingine iliyotolewa kwa jina lako.

Mwenye ploti naye ajipime. Mpangaji akichelewa siku tano tu, kufuli la pili linaning'inia mlangoni, au mlango wenyewe unang'olewa na watoto wanalala bila mlango. Yupo pia mwenye kampuni anayechukua bidhaa za mfanyabiashara mdogo Januari na kumlipa Agosti, na katikati ya miezi hiyo anatoa hotuba kuhusu kuwainua vijana. Kodi ya serikali nayo ni sehemu ya wajibu huu, hata kama tuna malalamiko yetu halali kuhusu inavyotumiwa. Dawa za zahanati ya umma hununuliwa kwa kodi. Tajiri anayeikwepa kisha akachangia kitanda kimoja cha hospitali, akipigwa picha amekishika, amerudisha kidogo katika alichochukua.

Mambo haya hayakuzuliwa na wanaharakati wa leo. Yana umri karibu sawa na wa kanisa lenyewe. Mwaka 369 hivi, njaa iliipiga Kaisaria ya Kapadokia, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Mvua zilikatika, nafaka ikaadimika, na wenye maghala wakafunga milango wakingoja bei ipande zaidi. Padri mmoja wa mji huo, Basili, aliyezaliwa katika familia ya mashamba na mali, alipanda mimbarani na kuhubiri juu ya mfano wa yule tajiri mpumbavu wa Luka 12 aliyetaka kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi. Hoja yake ilikuwa kali: chakula kinachokaa ghalani kwako huku jirani ana njaa ni cha jirani, na nguo isiyovaliwa ni ya aliye uchi. Hakuwaomba matajiri wawe wakarimu. Aliwaita wezi.

Kisha alishuka mimbarani. Rafiki yake Gregori wa Nazianzo ameandika kwamba Basili aliwashawishi wenye nafaka wafungue maghala, akakusanya wenye njaa mahali pamoja, akapika supu na kuigawa kwa mikono yake. Baadaye, akiwa askofu, alijenga nje ya mji makao ya wagonjwa, wasafiri na maskini, wenye ukoma wakiwemo, makao makubwa kiasi kwamba yaliitwa kwa jina lake. Kanisa linamkumbuka kwa hati zake za theolojia. Wakulima na wafanyabiashara wa Trans Nzoia, Uasin Gishu na popote penye stoo ya mahindi wangefaa kumkumbuka kwa mahubiri yale. Kila msimu wa kiangazi kuna wanaoyafungia magunia wakisikilizia bei, na wengi wao hawakosi kanisani. Hatumlaumu mkulima anayengoja bei irudishe gharama ya mbolea. Tunamzungumzia mwenye stoo ambaye hakulima hata mstari mmoja.

Kuna jambo jingine katika Biblia ambalo matajiri wetu hawalipendi, pengine kwa sababu halina sherehe. Sheria ya Musa, katika Mambo ya Walawi sura ya 19, ilimkataza mwenye shamba kuvuna hadi pembeni. Pembe za shamba na masuke yaliyoanguka yalikuwa ya maskini na mgeni. Mwenye shamba hakutakiwa kuvuna yote, kisha awaite maskini wapange foleni, awahutubie na kuwagawia kilo mbilimbili. Alitakiwa kuacha tu. Maskini aliingia mwenyewe, akavuna kwa mikono yake, akabeba kwenda nyumbani bila kumshukuru mtu. Ndivyo Ruthu Mmoabi, mjane na mgeni, alivyoingia katika shamba la Boazi. Boazi alimwongezea kwa wema wake, ndiyo, na hadithi ile inapendeza kwa sababu hiyo. Lakini kabla ya wema kulikuwa na haki, na Ruthu angekula hata kama Boazi angekuwa mtu mkavu.

Majirani zetu Waislamu wa Pwani wanalielewa jambo hili vizuri kuliko tunavyopenda kukiri. Zaka ya mali kwao ni nguzo ya dini, ina kiwango kinachojulikana, fungu moja katika arobaini la mali iliyofikia kiasi na kukaa mwaka, na wanaostahili kupewa wametajwa, maskini na mafukara wakiwa wa kwanza. Anayeitoa hasemi amefanya hisani. Ametoa haki ya watu iliyokuwa imekaa katika mali yake. Wakristo wengi nao wanatoa zaka, fungu la kumi kabisa, asilimia kubwa kuliko hiyo, lakini waulize limemfikia maskini yupi. Limeingia katika mfuko wa kanisa, na kutoka hapo njia yake haijulikani.

Tuwe wa haki: Wakenya wanatoa. Mtu akilazwa, kundi la WhatsApp linaundwa kabla hajapelekwa wodini, namba ya simu ya mweka hazina inabandikwa, na Sh200, Sh500, Sh1,000 zinaanza kuingia. Maiti hutolewa mochari kwa njia hiyo. Mtoto aliyefaulu mtihani huingia sekondari kwa njia hiyo. Lakini pitia orodha ya waliochanga. Ni walimu, mafundi, wauza nguo, waendesha bodaboda: maskini wanaowabeba maskini wenzao. Tajiri wa ukoo hutokea siku ya mwisho, hupewa nafasi ya kwanza kusema, hutoa kiasi ambacho kwake ni mafuta ya gari ya wiki moja, na shukrani za familia humwendea yeye. Yule wa Sh200, ambaye siku hiyo alishinda na chai ya rangi, hata jina lake halikuandikwa sawasawa.

Na wapo wahubiri walioligeuza jambo zima kichwa chini, wakimwambia maskini kwamba umaskini wake ni upungufu wa imani na dawa yake ni kupanda mbegu kwa mtumishi wa Mungu. Kwao maskini ndiye mwenye wajibu kwa tajiri. Hatutapoteza nafasi kuwajibu.

Watakaotujibu kwa nia njema watauliza: bila matajiri, kanisa litajengwa na nani? Shule za misheni, hospitali za misheni, je, hazikutokana na fedha za wenye nacho? Zilitokana nazo, na tunazishukuru. Tofauti ni kwamba hospitali ya misheni ilitibu maskini. Jengo lenye vioo vya rangi, vipaza sauti vya kisasa na maegesho ya magari mia linaweza kuwa zuri bila kumtibu mtu yeyote. Parokia inayoweza kujenga vyote viwili ijenge. Isiyoweza ichague, na ichague ikijua kwamba katika Mathayo 25 watu wanahukumiwa kwa habari ya mwenye njaa, mgonjwa, mgeni na mfungwa, na paa la kanisa halikutajwa.

Julius Nyerere, rais wa Tanzania wakati huo na Mkatoliki aliyehudhuria misa bila kelele, aliwaambia jambo kama hilo masista wa Maryknoll huko New York mwaka 1970. Hoja yake ilikuwa kwamba kanisa lisiposhiriki kupambana na mifumo inayowafanya watu kuwa maskini, watu wataliona halina kazi. Alikuwa na haki ya kusema. Miaka mitatu kabla, Azimio la Arusha lilikuwa limewakataza viongozi wa chama na serikali kuwa na nyumba za kupangisha au kupokea mishahara miwili. Siasa zake za uchumi zina wakosoaji wengi, nasi tumo. Lakini hakumtaka maskini afunge mkanda huku kiongozi akiulegeza wake.

Tunayoyataka kutoka kwa makanisa hayahitaji mkutano wa maaskofu. Kiasi alichotoa mtu kisitangazwe mbele ya waumini, kikubwa au kidogo. Kiti cha mbele chenye kitambaa cheupe na chupa ya maji kiondolewe, maana Yakobo alikwisha kukataza katika sura ya 2 tajiri apewe kiti kizuri na maskini aambiwe asimame kando. Kila zawadi kubwa ikatwe fungu la maskini kabla ya tofali la kwanza kununuliwa. Na hesabu zisomwe. Paulo alipochangisha Wakorintho kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakubeba fedha peke yake. Aliwataka ndugu wengine waende nazo, akasema wazi kwamba hataki mtu yeyote apate la kumlaumu. Mchungaji anayekasirika akiulizwa risiti anajiona mkubwa kuliko Paulo.

Mzee wa kanisa akitaka kuchangia milioni, mchungaji amuulize faraghani, kwa adabu, kama wafanyakazi wake wamelipwa mwezi uliopita. Swali hilo litawaudhi baadhi. Wengine watashukuru, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwauliza.

Lakini mchungaji hawezi kuuliza kabla hajajiuliza. Makanisa yetu ni waajiri. Yana makatekista, walimu wa chekechea, wafagiaji, wapishi wa vituo vya mafungo na mabawabu wa lango. Wengine hulipwa posho inayoitwa ya kujitolea mwaka wa 12 mfululizo, bila likizo wala akiba ya uzeeni, kwa madai kwamba kazi ya Mungu hailipwi. Umeme wa kanisa ni wa Mungu vilevile, na ankara yake hulipwa. Basi katika mkutano mkuu wa mwaka, kabla ya ripoti ya ujenzi, kila parokia na kila usharika usome orodha ya mishahara yake mbele ya wote. Ikionekana bawabu analipwa chini ya kima cha serikali, alipwe malimbikizo yake yote kutoka katika mfuko wa jengo, na mabati yangoje.